Mahakama imenipa kutengana, mume anataka talaka. Nitie saini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mhindi wa Kigujarati. Babangu alikuwa na duka la leso Biashara Street, na Kiswahili changu nilikiokota pale dukani, kwa akina mama waliokuja kubishana bei. Nakuandikia kutoka Rajkot, Gujarat, nilikoolewa Desemba 2003. Nakuandikia wewe kwa sababu huku kila ninayemfungulia moyo ana binamu anayejuana na binamu wa mume wangu.

Januari 2018 mamangu alipata kiharusi. Kaka yangu alikuwa peke yake na duka. Mume wangu akaniambia, "Nenda kamuuguze mama, sisi tupo." Nikaenda na kijana wetu, aliyekuwa na miaka 8. Binti yetu akabaki na bibi yake asikatize masomo. Diwali ya mwaka huo nilirudi Rajkot wiki tatu. Mume alilala dukani karibu kila usiku, akisema anafunga vitabu vya mwaka. Kweli wafanyabiashara wa kwetu hufunga vitabu Diwali, basi nikaamini. Novemba 28 nikapanda ndege kurudi kwa mama.

Sikuonana na mume wangu tena mpaka mahakamani. Corona ikaja, ndege zikasimama, mama akafariki Juni 2020. Nikiwa bado natafuta njia ya kurudi, katikati ya Desemba 2020 mume akafungua shauri la talaka katika mahakama ya familia. Ati nilimfanyia ukatili, na nikamtelekeza. Nilijua kwa ujumbe wa wifi yangu kwenye simu. Februari 2021 nikarudi. Nikakuta amehamia fleti upande mwingine wa mji. Kuna mwanamke. Sikuambiwa, nimewaona kwa macho yangu mara mbili.

Tangu hapo naishi na mama mkwe katika nyumba ya zamani, mimi ghorofani, yeye chini. Kila asubuhi akimaliza puja, ibada yake ya nyumbani, ananitia chandlo kwenye paji la uso kwa kidole chake mwenyewe, kile kidoti chekundu cha mke mwenye mume. Hajawahi kuruka siku hata moja.

Mahakamani nilisema sitaki talaka. Nikasema kama lazima tuachane, basi tutenganishwe bila ndoa kuvunjwa. Mwezi uliopita jaji akatoa hukumu: badala ya talaka, amri ya kutengana. Nililia kwa furaha. Wakili wangu akasema tumeshinda nusu. Mama mkwe akagawa peda, vile vitamu vya maziwa, kwa jirani wote.

Furaha haikumaliza wiki. Wakili wa mume ameleta ofa: tutie saini talaka ya makubaliano, anipe rupia laki 35 kwa mkupuo, nami niondoke katika nyumba hiyo kabla ya Diwali. Nikikataa, atakata rufaa, au atangoja mwaka. Sikuelewa angoje mwaka wa nini.

Kaka yangu anasema chukua pesa uje nyumbani, jina la mke halilipi karo. Mama mkwe anasema nisiguse kalamu. Binti yangu ana miaka 20, karibuni tutaanza kuzungusha baiodata yake kwa familia zenye vijana, na najua wataniuliza baba yuko wapi. Nikimweleza hofu hiyo anasema, "Mummy, usinifanye mimi sababu."

Nina miaka 44. Mume mwingine sitaki, na huyu pia simtaki tena. Lakini kwetu hakuna talaka, Shangazi. Bibi yangu hakuwa hata na neno lake. Pasipoti yangu ni ya Kenya, naishi huku kwa kadi ya OCI, kibali cha mgeni kukaa India muda mrefu, niliyopata kama mke wa Mhindi, na kijana wangu bado yuko shule. Nishike amri yangu ya kutengana, au nitie saini?

Mke wa Karatasi, Rajkot

*

Marahaba, mwanangu. Na pole ya mama, kwa sababu katika barua nzima umempitia kwa maneno mawili tu, kama mtu ambaye hakupewa nafasi ya kulia. Uliuguza miaka miwili na nusu, ukazika, na kabla hujatoka kwenye msiba ukaambiwa kule kuuguza ndilo kosa lako.

Kwa ninavyoelewa, unaona milango miwili. Mmoja ni amri ya kutengana: unabaki mke, unabaki na chandlo, unabaki ghorofani. Wa pili ni talaka na laki 35. Unaniuliza upite wapi. Kabla ya kuisogelea milango hiyo nilimtafuta wakili mmoja aliyesomea sheria Ahmedabad, sasa yuko hapa Mombasa, nikamsomea barua yako bila mahali wala majina. Nilipofika kwenye peda akanisimamisha. Akauliza, "Huyu mama ameisoma hukumu yenyewe, au amesimuliwa?"

Nikuulize na mimi. Umeisoma?

Sababu ya swali ni hii. Ndoa yako inaongozwa na Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955. Mwaka 1976 iliongezwa kifungu cha 13A, kinachomruhusu jaji aliyeletewa ombi la talaka kutoa amri ya kutengana badala yake, akiona haki inataka hivyo. Lakini tangu marekebisho hayohayo, sababu za kutengana na sababu za talaka ni zilezile. Kwa hiyo jaji akimpa mume kutengana badala ya talaka, kwa kawaida maana yake ni kwamba madai ya mume ameyaona yamethibitika, ila ameona talaka ni kali mno. Huenda basi katika karatasi uliyoililia kwa furaha mna sentensi isemayo kwamba wewe ulimtelekeza mumeo. Sisemi imo. Nasema katafute ukurasa ule, usome kwa macho yako, kwa sababu sentensi hiyo inaweza kukufuata siku ya kudai matunzo, ambapo mwenendo wa kila mmoja huangaliwa.

Kama imo, kuna mambo ya kumwonyesha wakili wako. Sheria inataka utelekezaji wa miaka 2 mfululizo kabla tu ya shauri kufunguliwa. Hebu hesabu na mimi. Uliondoka Rajkot Novemba 28, 2018. Shauri likafunguliwa katikati ya Desemba 2020. Ni miaka 2 na kama wiki mbili. Mtu alikuwa na kalenda, mwanangu. Na ndani ya miaka hiyo, kuanzia Machi 23, 2020, India ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa. Zaidi ya hapo, kuondoka peke yake si kutelekeza. Lazima iwepo nia ya kuivunja nyumba, na mzigo wa kuithibitisha ni wa anayelalamika. Mahakama ya Juu ya India ilisema hivyo tangu 1956, katika kesi ya mume mmoja wa Kigujarati ambaye mkewe alikwenda kwa babake, na mume akashindwa. Wewe uliambiwa nenda. Je, aliyasema kwa mdomo tu, au kuna ujumbe? Tiketi ya Diwali ipo? Pesa alizokutumia Mombasa, kama alituma, rekodi zake zipo? Wazee wetu walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wako alikuambia nenda, kwa upole, na huenda wakati ule alikuwa akisema kweli. Hata hilo hatulijui.

Kukata rufaa wewe mwenyewe kuipinga sentensi hiyo ni njia, na muda wake una ukomo, kwa hiyo swali hili ulipeleke kwa wakili wiki hii. Ila rufaa ikifika Mahakama Kuu ya Gujarat inaweza kufungua kila kitu upya. Yeye naye ataomba kule talaka aliyonyimwa. Utalipa mawakili, utapanda basi la Ahmedabad mara ngapi sijui, na unaweza kutoka umesafishwa jina au umepoteza hata hiki ulicho nacho. Wapo wanawake waliofanya hivyo kwa ajili ya sentensi moja tu, na wapo walioona sentensi haistahili miaka mingine mitano ya umri wao. Sijui wewe uko upande gani.

Sasa ule mwaka usiouelewa. Kifungu cha 13, kijifungu cha 1A, kinasema kwamba baada ya amri ya kutengana, ikipita mwaka 1 au zaidi bila nyinyi kurudi kuishi pamoja, yeyote kati yenu anaweza kuomba talaka. Yeyote, hata yule ambaye amri haikumpendelea. Zamani ilikuwa miaka 2, 1976 ikapunguzwa. Hii ndiyo sehemu iliyonikalia kooni niliposoma mama mkwe amegawa peda. Unachokishika kama ngao ndicho kitakachomfungulia mumeo mlango mwakani, na kuupita huo mlango ni rahisi kuliko alikopita mara ya kwanza, kwani hatahitaji tena kuthibitisha ukatili wala kutelekezwa. Atahitaji kuonyesha mwaka umepita tu.

Si kwamba hutakuwa na la kusema. Kifungu cha 23 kinamzuia mtu kunufaika na kosa lake mwenyewe. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilimkatalia talaka mume aliyengoja mwaka upite huku akiendelea kuishi na mwanamke mwingine, na matunzo aliyoamriwa hakulipa. Kesi hiyo inafanana na yako kidogo, na wakili wako bila shaka anaijua. Lakini mwaka 1977 mahakama hiyohiyo ilisema kukataa tu kurudiana si kosa la kumnyima mtu talaka. Kwa hiyo mahakama itaangalia mwenendo wake: huyo mwanamke, na kama matunzo analipa au halipi. Una ushahidi gani zaidi ya macho yako mara mbili? Na je, unataka kuutafuta? Kumfuatilia mtu fleti hadi fleti kunachosha moyo.

Usione aibu kwa kutolitaka neno talaka. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilikuwa na mzee wa miaka 89, ofisa mstaafu wa jeshi la anga, aliyemdai talaka mkewe wa miaka 82, mwalimu, ambaye alifunga naye ndoa 1963. Bibi yule alisema hataki kufa akiitwa mtalaka. Mahakama ikamsikiliza, ikakataa kuivunja. Kwa hiyo hisia yako ina uzito hata mbele ya majaji. Tofauti ni kwamba mzee yule hakuwa na amri ya kutengana mkononi, na wako anayo.

Ila unaposema kwenu hakuna talaka, niruhusu nikuchokoze kidogo. Rajkot unakoishi ilikuwa makao makuu ya jimbo la Saurashtra, na Saurashtra ilikuwa na sheria yake ya talaka kwa Wahindu mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Delhi kutunga ya nchi nzima. Wapo wanawake wa rika la bibi yako, katika mitaa hiyohiyo, waliopata talaka kisheria. Pengine neno lilikuwepo, ila halikutamkwa mbele ya watoto.

Nigeuke kwenye kitu ulichokitaja kwa nusu sentensi ambacho mimi kilinifanya nisome barua mara ya pili: kadi yako ya OCI. Kadi iliyotolewa kwa sababu ya ndoa inaweza kufutwa ndoa ikivunjwa na mahakama. Sheria ya uraia ya India inasema hivyo waziwazi. Kutengana hakuivunji ndoa, kwa hiyo leo uko salama. Ukitia saini talaka, haki yako ya kukaa Rajkot na kijana wako wa miaka 15 inaingia mashakani, na sioni katika ofa ya mumeo kwamba kuna aliyelifikiria hilo, au labda wamelifikiria. Lakini wewe si mke wa Mhindi tu, wewe ni mjukuu wa Wagujarati. Kuna kadi ya OCI ipatikanayo kwa nasaba, kwa aliye na mzazi, babu au hata baba wa babu aliyekuwa raia wa India, au aliyestahili kuwa raia ilipoanza katiba yao Januari 26, 1950. Hiyo haimtegemei mume yeyote. Kaka yako anayesema njoo nyumbani, mpe kazi: afungue lile sanduku la babu, atafute cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya zamani, karatasi yoyote yenye jina la kijiji. Kazi hiyo haina hasara, uchague njia yoyote.

Kuhusu pesa, laki yetu na laki yao ni moja, kwa hiyo najua unachoambiwa: 3,500,000. Sijui kama ni nyingi au kidogo, na wewe pia hujui, kwa kuwa hujaniambia mumeo ana nini. Tangu Novemba 2020 mahakama za India zinataka pande zote katika shauri la matunzo zitoe hati ya kiapo ya mali, mapato na madeni yao. Yake umeiona? Wakili ameihesabu, au laki 35 ni namba iliyotoka mdomoni? Na dhahabu yako, stridhan, ile uliyopewa na wazazi na wakwe, hiyo ni yako peke yako, isihesabiwe ndani ya ofa kana kwamba ni zawadi ya pili. Watu wengi huamini pia kwamba mke wa Kihindu akiachika anapoteza matunzo. Si hivyo. Mtalaka ambaye hajaolewa tena anaweza kudai. Anachopoteza ni urithi: ukiwa umetenganishwa tu, mumeo akifa bila wasia wewe bado ni mjane wake, mrithi wa daraja la kwanza pamoja na watoto na mama mkwe. Ila mali aliyoichuma mwenyewe anaweza kuiandikia wasia kesho asubuhi, ampe amtakaye. Ukishikilia ndoa kwa ajili ya urithi, jua umeshikilia kitu ambacho kalamu ya mwingine inaweza kukifuta.

Hiyo nyumba je, hati imeandikwa jina la nani? Ikiwa ni la mama mkwe, mumeo anakuwekea tarehe ya kuhama nyumba isiyo yake. Ukiwa mke, sheria ya 2005 ya kuwalinda wanawake na ukatili wa nyumbani inakupa haki ya kukaa katika nyumba mliyoishi pamoja, hata ikiwa ni ya wakwe. Baada ya talaka haki hiyo inalegea, lakini mwenye nyumba hukaribisha amtakaye.

Hata talaka ya makubaliano haifungwi kwa saini moja. Kuna ombi la kwanza, kisha miezi 6, ambayo jaji anaweza kuifupisha, kisha la pili. Katikati yeyote anaweza kuondoa ridhaa yake. Na masharti yanajadiliwa: kadi ya nasaba ipatikane kwanza, nyumba iondolewe kwenye ofa, karo ya kijana iandikwe. Ofa yake si amri ya jaji.

Nimekuwa wakili mno, nisamehe. Nirudi kwenye chandlo. Nilipokuwa nasoma niliona mama mkwe akikutia kidoti kila asubuhi, nikajiuliza nani anamshika nani. Mwanawe amehama. Anayempelekea chai ni wewe. Akikwambia usiguse kalamu, nadhani anakupenda, na nadhani pia anaogopa siku atakayoamka nyumba ikiwa kimya. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mmewahi kuongea nini kitatokea kwenu nyinyi wawili, mkiliweka kando jina la mwanawe? Anaweza kukutaka uishi naye hata bila chandlo, na pengine hajawahi kuulizwa.

Swali jingine ni gumu, lijibu ukiwa peke yako. Maadamu ni kutengana tu, mumeo hawezi kuoa. Akioa, ni kosa la jinai. Je, sehemu ya utamu wa ile hukumu ni hiyo? Kama ndiyo, sikulaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningeionja kila siku na chai. Ila ujue unaionja, ili usije ukaihesabu kama ni heshima ya ndoa.

Na binti yako amekujibu, mwanangu, wewe ndiye hujamsikia. Amesema usimfanye sababu. Pengine anajua familia atakazotaka kuolewa nazo, na zile zitakazokimbia baiodata yenye mama aliyeachika hazitaki pia yenye baba anayeishi fleti na mwanamke mwingine. Au pengine anajifanya jasiri ili usibebe mzigo wake. Muulize tena, safari hii usimpe hofu yako kwanza.

Umejiita Mke wa Karatasi, na mimi nakwambia tena karatasi hiyo uisome. Ukishaipata sentensi ninayoisema, au ukikuta haimo, niandikie. Niandikie pia sanduku la babu limetoa nini. Mama mkwe mpe salamu zangu, na hizo peda nasikia za Rajkot hazina mfano, zikibaki nitunzie moja.